Hadithi za onyo na sinema zake: kwa nini mwisho hubadilishwa?

Miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, inafahamika kwa wengi wa Afrika Mashariki kutokana na baridi yake kali na jamii kubwa ya Wasomali, Waethiopia na Wakenya waliolowea huko. Lisilofahamika sana ni kwamba miji hiyo ina nafasi yake katika historia ya hadithi fupi zinazoonya juu ya mustakabali wa kutisha, na pia katika historia ya sinema za aina hiyo.

Hadithi hizo ni tawi la bunilizi za kisayansi. Mwandishi huchukua jambo ambalo mbegu yake imekwisha kuonekana katika zama zake, iwe mashine mpya, sheria mpya au hofu mpya, akalikuza hadi likaitawala jamii nzima. Shabaha yake si kutabiri. Anamwuliza msomaji: tukiendelea na njia hii, tutafika wapi? Katika miaka ya 1940 na 1950 majarida ya Marekani kama vile Astounding na Galaxy yalichapisha hadithi za namna hiyo kwa wingi. Kurasa chache zilitosha kubeba wazo moja, na uzito wote ukaachiwa mwisho wa hadithi.

Mmoja wa mabingwa wa fani hiyo alikuwa mwandishi wa habari wa Minneapolis. Clifford Simak, aliyezaliwa mwaka 1904 katika jimbo jirani la Wisconsin, alijiunga na gazeti la Minneapolis Star mwaka 1939, akaendelea na kazi ya uandishi wa habari mjini humo hadi alipostaafu mwaka 1976. Kitabu chake kiitwacho City, kilichotoka mwaka 1952, ni mfululizo wa hadithi fupi zinazosimulia jinsi wanadamu walivyoihama miji yao, kisha wakaihama hata dunia, ikabaki mikononi mwa mbwa wenye uwezo wa kusema na maroboti wanaowahudumia. Mbwa hao husimuliana ngano juu ya kiumbe aitwaye mtu, na wataalamu wao hubishana iwapo kiumbe huyo aliwahi kuwapo.

Hadithi ya Simak iliyo kali zaidi ilitoka katika jarida la Galaxy mwezi Machi mwaka 1951, kwa jina la Good Night, Mr. James. Mtu mmoja anazinduka usiku akijua jambo moja tu: kwamba ni lazima amwue mnyama hatari wa sayari nyingine, aliyeingizwa duniani kinyume cha sheria na sasa ametoroka. Anafanikiwa. Lakini kabla ya kukata roho, mnyama huyo anamfahamisha kwamba yeye si Henderson James halisi. Ni nakala tu, iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo ya hatari, na kazi ikiisha nakala huuawa. Anarudi nyumbani kwa hila, na mtu halisi ndiye anayeuawa kwa amri aliyoitoa mwenyewe. Nakala inapojiona imesalimika, simu inalia. Fundi aliyeitengeneza anampigia mwenye nyumba kumtoa wasiwasi: hata nakala ikitoroka, imetiwa sumu na haitamaliza siku.

Mwezi Desemba mwaka 1964 hadithi hiyo ilioneshwa katika mfululizo wa televisheni wa The Outer Limits, chini ya jina la The Duplicate Man, ikiwekwa katika mwaka 2025, ambao kwa watazamaji wa siku hizo ulikuwa mbali mno. Wazo la msingi lilibaki, lakini mwisho ulibadilishwa. Katika filamu, mtu halisi ndiye anayesalia hai, na anapata fursa ya kupatana na mkewe. Swali la Simak, kwamba ni nani mwenye haki ya kuhesabiwa kuwa mtu ikiwa hakuna awezaye kuzitofautisha nafsi mbili, liligeuka kuwa kisa cha ndoa iliyoponywa.

Mabadiliko ya namna hii yana sababu zake. Hadithi ya kurasa ishirini au thelathini haiwezi kujaza sinema ya saa mbili, na kwa hiyo waandishi wa mswada hulazimika kuongeza wahusika, mapenzi na mbio za kufukuzana. Pili, sinema hugharimu fedha nyingi, na wenye studio huamini kwamba mtazamaji anayetoka ukumbini akiwa na majonzi hatawashawishi wenzake waende kuitazama. Zaidi ya hayo, msomaji anaweza kuliweka jarida kando akatafakari, wakati mtazamaji huchukuliwa na mwendo wa picha mpaka mwisho.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Philip K. Dick, aliyechapisha hadithi ya The Minority Report mwaka 1956. Ndani yake polisi huwakamata watu kabla hawajatenda kosa, kwa kutegemea kauli za waaguzi watatu. Anderton, mkuu wa idara hiyo, anasikia jina lake likitajwa kuwa atamwua mtu asiyemfahamu. Mtu huyo ni jenerali mstaafu anayetaka kuutumia mkasa huo ili kuivunja idara na kulirudishia jeshi mamlaka. Mwishoni Anderton anaua kwa hiari yake ili mfumo wake usalimike, kisha anakwenda uhamishoni katika sayari nyingine. Katika filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 2002, mfumo wenyewe ndio unaovunjwa na wafungwa wanaachiliwa. Mtazamaji hupata faraja. Msomaji wa Dick, kwa upande wake, hubaki na fadhaa ya kumwona mtu mwema akiua ili kulinda chombo kinachowafunga watu wasiotenda lolote.

Fadhaa hiyo si ngeni kwa wakazi wa miji pacha. Kuanzia mwaka 2007 zaidi ya vijana 20 wenye asili ya Kisomali waliondoka Minnesota kwenda kujiunga na kundi la al-Shabab nchini Somalia. Mwaka 2014 Wizara ya Sheria ya Marekani ikatangaza mpango wa majaribio wa kuzuia siasa kali katika miji mitatu, ambayo ni Boston, Los Angeles na Minneapolis. Waliouunga mkono walisema utawapatia vijana kazi na washauri kabla hawajapotoshwa. Walioupinga walisema unaifanya jamii nzima kuwa mshukiwa, na kwamba mwalimu au mfanyakazi wa ustawi wa jamii angegeuzwa kuwa jicho la polisi. Mwezi Februari mwaka 2017 shirika la vijana la Ka Joog la Minneapolis lilikataa ruzuku ya karibu dola 500,000 za mpango huo, likitaja sera za serikali mpya ya Rais Donald Trump. Bila shaka mpango huo haukuwa idara ya Anderton, kwani haukumfunga mtu kwa ndoto za waaguzi. Hata hivyo, swali la Dick lilikuwa lilelile: je, mtu anaweza kupimwa kwa jambo ambalo huenda akalitenda?

Si kila mwongozaji anayekubali mwisho wa faraja. Terry Gilliam alizaliwa Minneapolis mwaka 1940 na kukulia katika jimbo hilo kabla ya familia yake kuhamia California. Filamu yake ya Brazil, ya mwaka 1985, inamhusu karani anayesagwa na serikali ya makaratasi, na ambaye mwishoni hutoroka katika fikra zake tu huku mwili wake ukibaki kwenye kiti cha mateso. Studio ya Universal ilitaka filamu fupi zaidi yenye mwisho wa furaha. Gilliam alilipia tangazo la ukurasa mzima katika jarida la Variety akiuliza ni lini studio ingeitoa filamu yake. Wahakiki wa Los Angeles wakaichagua kuwa filamu bora ya mwaka, na mwisho wake mchungu ukabaki.

Miaka 10 baadaye Gilliam aliongoza 12 Monkeys, iliyotokana na La Jetée, filamu fupi ya Mfaransa Chris Marker ya mwaka 1962, inayosimuliwa karibu yote kwa picha zisizotembea. Filamu hiyo ya dakika 28 ilikuzwa kuwa ya saa mbili, lakini mwisho haukuguswa: mtu agundua kwamba kifo alichokishuhudia utotoni kilikuwa chake mwenyewe.

Afrika Mashariki nayo imechangia. Katika riwaya ya Walenisi, iliyotoka mwaka 1995, Katama Mkangi wa Kenya, aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alitumia safari ya chombo cha angani kuihukumu jamii aliyoishi ndani yake. Mwaka 2009 Mkenya mwenzake, Wanuri Kahiu, alitengeneza Pumzi, filamu fupi juu ya dunia iliyokauka baada ya vita vya maji, ambamo hata jasho huchujwa likanywewa. Shujaa wake, Asha, anatoroka ili kuupanda mche mmoja jangwani, anaunywesha maji yake ya mwisho, na kuufunika kwa kivuli cha mwili wake. Kahiu hakuhitaji kuchagua kati ya majonzi na matumaini.

Anayetaka kulinganisha hadithi na sinema zake katika miji pacha ana pa kuanzia. Duka la vitabu la Uncle Hugo's, lililofunguliwa Minneapolis mwaka 1974 kwa ajili ya bunilizi za kisayansi, liliteketea kwa moto tarehe 30 Mei mwaka 2020, katika ghasia zilizofuatia kuuawa kwa George Floyd, na likafunguliwa upya mahali pengine mjini humo mwaka 2022. Inafaa kuanza na hadithi, kisha kuitazama filamu, na kuangalia ni nani aliyeachwa hai katika filamu ambaye mwandishi hakumwacha. Mara nyingi onyo la mwandishi limefichwa papo hapo.