Gari Kuukuu na Nyumba ya Kukokotwa

Leo nataka kunena juu ya nyumba inayokokotwa na motokaa, na juu ya gari kuukuu linalotakiwa kuikokota.

Huko Marekani watu wengi wana desturi, ifikapo likizo, ya kufunga nyuma ya gari tela lenye vitanda, jiko, meza na tangi la maji, wakasafiri nalo mamia ya maili, na usiku wakalala ndani yake kando ya ziwa au msituni. Gari linalovuta mara nyingi ni lori dogo, lile tuliitalo pikapu. Na kwa kuwa si kila mtu ana fedha za kununua jipya, wako wengi wanaochukua pikapu la miaka thelathini au hata sitini, wakalitengeneza kwa mikono yao, kisha wakalitwika kazi hiyo.

Asije mtu akasema kwamba habari hizi hazituhusu. Mwaka 1959 msafara wa Wamarekani, ukiongozwa na Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream inayotengeneza nyumba hizo za kung'aa kama sufuria mpya, uliondoka Cape Town na nyumba 41 za magurudumu. Ulipita Kenya na Ethiopia, ukafika Cairo mwaka 1960. Tena, tela la mahindi na tela la vitanda hufuata kanuni zile zile. Ajuaye kuikokota nyumba salama hatashindwa na magunia.

Mimi mwenyewe nilianza kulifikiri jambo hili siku moja nilipokuwa nimeketi kando ya dereva katika pikapu kuukuu, tukivuta tela la madawati ya shule. Madawati yalikuwa yamepangwa nyuma, mbele ya tela pakabaki pengo, maana tulitaka iwe rahisi kuyashusha. Mlimani tulipanda vizuri, hata dereva akaisifu injini yake. Tulipoanza kuteremka, tela likaanza kuyumba, kwanza kidogo kama mkia wa mbwa, kisha kwa nguvu, likalivuta gari huku na huku. Dereva akakanyaga breki. Hilo ndilo lililotumaliza. Tela likageuka ubavu, likatutupa mtaroni. Tulitoka wazima, kwa neema tu. Lakini mama mmoja na mtoto wake walikuwa wakitembea ukingo ule ule, hatua kumi mbele yetu.

Basi kila nisikiapo mtu akisema, "Gari langu ni la zamani, lakini injini ina nguvu," simbishii, ila namwambia kwamba hajasema neno bado. Kuvuta ni kazi ya injini, nayo ikishindwa gari husimama tu, wala hapana aumiaye. Kusimamisha ni kazi ya breki. Kwenda sawasawa ni kazi ya kiungo, springi na matairi. Hivi havishindwi uani nyumbani, bali hushindwa mteremkoni.

Tuanze na breki. Tuseme pikapu lina kilo 1,800, na nyumba ina kilo 1,500. Aliyelibuni gari alipima breki zake kwa gari na shehena yake, nasi leo twazitaka zisimamishe kilo 3,300, mbali na watu. Tena mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne. Aendaye maili 60 kwa saa huzipa breki kazi mara nne ya aendaye maili 30. Kazi hiyo yote hugeuka kuwa moto katika dramu za breki. Dramu zikipata moto mno hutanuka, na lainingi hupoteza ukali wake. Dereva hukanyaga, gari halisikii.

Moto huo hufika pia katika mafuta ya breki, na hapa ndipo gari kuukuu linapomdanganya mwenyewe. Mafuta ya kawaida ya breki hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo, hata chombo chake kikiwa kimefungwa. Mafuta mapya ya daraja la tatu hayachemki kabla ya kufika digrii 205 za sentigredi. Yakisha kunywa maji huweza kuchemka kwenye digrii 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, pedali ikaenda hata sakafuni bila kazi. Kwa hiyo mafuta yamwagwe, yatiwe mapya, na baada ya hapo yabadilishwe kila miaka miwili. Mipira inayoyapeleka magurudumuni nayo ibadilishwe yote, hata kama nje yaonekana mizuri, maana huharibika ndani kwanza.

Liko jambo jingine katika magari ya kale sana. Mengi ya Marekani yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1967 yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba likipasuka popote, breki zote zimekwisha kwa mara moja. Baadaye silinda kuu ikagawanywa sehemu mbili, ya mbele na ya nyuma, ili moja ikifa nyingine ifanye kazi. Silinda ya namna hiyo yaweza kutiwa katika gari la kale. Kwa maoni yangu, asiyeweza kugharimia hilo na avute kitu kingine, si nyumba.

Lakini hata breki njema za gari hazitoshi. Tela lenyewe sharti liwe na breki zake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya tela lolote lizidilo kilo 750 haliruhusiwi kukosa breki. Huko Ulaya breki hizo kwa kawaida hufanya kazi kwa kusukumwa: gari lipunguzapo mwendo, tela husukuma kiungo, na msukumo huo ndio uzibanao breki. Wamarekani hupenda zaidi breki za umeme. Ndani ya dramu ya gurudumu la tela mna sumaku. Dereva akanyagapo breki, kisanduku kidogo karibu na usukani hupeleka umeme, sumaku hushikamana na dramu inayozunguka, huvutwa nayo, na mvuto huo huzitanua breki. Kisanduku kina pia kitufe cha mkono, ambacho huzibana breki za tela peke yake. Kikumbukeni kitufe hicho, nitakirudia. Waya wa kupeleka umeme huo uwe mnene, utoke kwenye betri yenyewe. Katika gari kuukuu waya za asili ni nyembamba, tena zimekwisha kuliwa na kutu kwenye maungio.

Sasa turudi kwenye madawati yetu. Tela hupaswa kukiegemea kiungo cha gari kwa sehemu ya uzito wake. Kwa nyumba za namna ya Kimarekani, kadiri ifaayo ni asilimia 10 hata 15. Kwa nyumba yetu ya kilo 1,500, ni kilo 150 hata 225. Uzito ukiwa mchache mno mbele na mwingi nyuma, tela huwa kama mtu abebaye mzigo kisogoni: upepo mdogo au shimo dogo humyumbisha, na kila yumbo huzaa jingine kubwa zaidi. Hayo ndiyo yaliyotupata.

Uzito huo si wa kukisia. Upo werevu mdogo ambao wanafunzi waweza kuujaribu wenyewe. Tafuta mizani ya kupimia watu, na tofali lenye kimo kama cha mizani. Laza ubao imara, ncha moja juu ya tofali, ncha ya pili juu ya mizani, na kati ya pande hizo mbili iwe futi 3. Uangalie ubao peke yake umeisogeza mizani kiasi gani, ukitoe kiasi hicho. Zuia magurudumu ya tela kwa mawe, kisha uushushe mkono wa tela juu ya ubao, futi 1 kutoka kwenye tofali na futi 2 kutoka kwenye mizani. Mizani itabeba theluthi tu, na tofali litabeba theluthi mbili. Mizani ikionyesha kilo 60, zidisha kwa 3, upate 180, ndiyo asilimia 12 ya nyumba yetu. Ni vyema. Kama ni pungufu, sogeza vitu vizito mbele ya ekseli. Na kipimo hiki kifanywe siku ya safari, vyombo vyote vikiwa ndani na maji tangini.

Kilo hizo 180 sasa zimekuwa mzigo wa pikapu, jambo ambalo watu husahau. Tuseme gari laruhusiwa kubeba kilo 600. Baba, mama na watoto wawili ni kilo 250. Mizigo nyuma ni 150. Mkono wa tela 180. Jumla ni 580, na nafasi iliyobaki ni kilo 20 tu, hata kama injini ingeweza kuvuta mlima. Tena mkono ukikandamiza nyuma, mbele ya gari huinuka, kama ubao wa kubembea. Magurudumu ya usukani huwa mepesi, na breki za mbele, ambazo ndizo zifanyazo kazi kubwa, hukosa kushika barabara. Wenye nyumba nzito hufunga vyuma maalumu kwenye kiungo ili sehemu ya uzito irudishwe mbele. Kuongeza jani la springi peke yake hunyanyua mkia wa gari, lakini hakuliongezei ruhusa ya kubeba.

Kiungo nacho kifungwe kwenye fremu, kisifungwe kwenye bampa lililochoka. Fremu ya gari kuukuu ipigwe nyundo taratibu kutoka mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na kutu hujibu kwa sauti ya kufa, na pengine nyundo huingia. Ukikuta hivyo, kazi yote isimame hata fremu itengenezwe. Tufe la chuma ambalo tela hulifunika kwa kikombe chake lina ukubwa mbalimbali. Huko Marekani liko la inchi 1 na saba ya nane, la inchi 2, na la inchi 2 na tano ya kumi na sita. Kikombe cha inchi 2 hukaa vizuri sana, kwa macho, juu ya tufe dogo, kisha hurukia nje kwenye tuta la kwanza. Ukubwa umechorwa juu ya vyote viwili, usomwe. Chini yake minyororo miwili ipitishwe kwa kupishana, ili mkono ukichomoka uanguke juu ya minyororo, usichimbe barabara. Na uwepo ule waya mwembamba uchomoao pini tela likikatika, ili betri ndogo ya tela izibane breki zenyewe.

Juu ya matairi nitasema neno moja, maana ndilo huwapata wengi. Nyumba hizi husimama miezi mingi bila kwenda, na tairi huzeeka hata lisipotembea. Ubavuni mwa tairi mna namba nne za mwisho zilizochapwa, desturi iliyoanza mwaka 2000: mbili za kwanza ni juma, mbili za pili ni mwaka. Ukisoma 2312, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2012. Meno yake yaweza kuwa mapya kabisa, nalo likapasuka siku ya kwanza ya jua kali. Lenye namba tatu tu ni la kabla ya 2000. Hilo halifai kwa lolote ila bembea ya watoto.

Rejeta isafishwe, taa za nyuma za tela ziwake pamoja na za gari, na vioo vya pembeni viwe virefu hata dereva aone nyuma ya nyumba. Hayo ni ya saa chache.

Barabarani, dereva aingize gia ndogo kabla ya mteremko, si katikati yake, ili injini ibebe sehemu ya kazi ya breki. Na tela likianza kuyumba, asikanyage breki za gari, wala asiongeze mafuta, wala asishindane nalo kwa usukani. Aondoe mguu, ashike usukani sawasawa, na kwa mkono abonyeze kile kitufe nilichowaambia mkikumbuke. Breki za tela zitalivuta nyuma, nalo litanyoka kama kamba ivutwayo. Dereva wetu hakuwa na kitufe, wala tela lake halikuwa na breki.

Safari ya kwanza iwe fupi, bila watoto ndani ya gari. Baada ya maili tano au sita asimame mahali tambarare, azunguke na kusogeza mgongo wa mkono karibu na kati ya kila gurudumu, la gari na la tela. Yote yatakuwa na joto. Likiwapo moja lenye moto kupita wenzake, breki yake imeshika au beringi yake imekauka grisi. Basi asiendelee hata gurudumu hilo lifunguliwe.