Uhalisia Pepe Wasaidia Majeruhi wa Ubongo Kurejea Katika Maisha ya Kila Siku

Mtu aliyejeruhiwa ubongo katika ajali ya barabarani au kwa kuanguka anaweza kuruhusiwa kutoka hospitalini akitembea na kuzungumza, lakini akashindwa kuvuka barabara, kukumbuka bidhaa tatu alizotumwa dukani au kuvumilia kelele. Pengo hilo, kati ya kidonda kupona na mtu kurejea katika maisha yake, ndilo ambalo huduma za utengamao hukusudia kuliziba, na uhalisia pepe ni miongoni mwa nyenzo zinazotumika kwa kazi hiyo.

Uhalisia pepe ni mandhari inayotengenezwa kwa kompyuta, ambayo mgonjwa huiona kupitia miwani maalumu au skrini kubwa, nayo hubadilika kadiri anavyosogea. Katika kituo cha National Intrepid Center of Excellence, kilichofunguliwa mwaka 2010 mjini Bethesda, Marekani, kwa ajili ya wanajeshi waliojeruhiwa ubongo, hutumika mtambo uitwao CAREN. Mgonjwa, akiwa amefungwa mkanda wa usalama, hutembea juu ya jukwaa linaloinama na kuyumba mbele ya skrini iliyopinda, huku kamera zikipima mienendo ya mwili wake. Mtaalamu anaweza pia kumpa hesabu au maneno ya kukumbuka, ili ubongo ujizoeze kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja.

Msingi wa tiba hii ni uwezo wa ubongo kujenga njia mpya za mawasiliano baina ya seli zake pale zoezi linaporudiwa mara nyingi. Katika barabara ya kompyuta, mgonjwa hukosea bila kugongwa, akarudia, na ugumu huongezwa hatua kwa hatua.

Hata hivyo, mtambo hauchukui nafasi ya mtaalamu. Baadhi ya wagonjwa hupata kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya kichwa, na wenye kifafa huhitaji uangalizi wa karibu. Aidha, mapitio ya mwaka 2017 yaliyojumuisha tafiti 72 za wagonjwa wa kiharusi yalibaini kuwa, katika kurejesha matumizi ya mkono, uhalisia pepe haukuyazidi mazoezi ya kawaida. Manufaa yalionekana pale ulipoongeza muda wa mazoezi hayo.

Kwa familia zisizoweza kuufikia mtambo huo, funzo ni kwamba marudio ndiyo tiba. Kwa ushauri wa mtaalamu, kumwachia mgonjwa apange vyombo, ahesabu chenji au afuate orodha ya sokoni akiwa na msindikizaji ni sehemu ya matibabu yake.