Je, Wajua? Kompyuta inayojizima na kujiwasha

Je, wajua kuwa Agosti 2003 kirusi Blaster kilizifanya kompyuta za Windows XP zihesabu sekunde 60, kisha zijizime na kuwaka upya huku mwenyewe akitazama? Hakikuhitaji flashi wala barua pepe. Kuwa kwenye intaneti kulitosha.

Je, wajua kuwa dawa ilitangulia ugonjwa? Microsoft walitoa kiraka Julai 2003. Walioumwa ni wale waliochelewa kukiweka.

Je, wajua kuwa Sasser, kirusi cha 2004 chenye mchezo huohuo, kiliandikwa na kijana Mjerumani wa miaka 17?

Je, wajua kuwa si kila kompyuta inayojiwasha ina kirusi? Mkazi wa Singida anaujua upepo wa kiangazi: unafunga dirisha, vumbi linaingia. Fungua ubavu wa kompyuta ya mezani, utalikuta limeganda kama blanketi chini ya feni. Prosesa ikizidiwa na joto, mashine hujizima ili isiungue.

Je, wajua kuwa ukipuliza vumbi hilo kwa blowa, feni unaishika kwa kidole isizunguke ovyo ikaharibika? Waya wa umeme uwe umechomolewa kwanza.

Je, wajua kipimo kisicho na gharama? Iwashe, ingia BIOS, iache hapo dakika 20. Ikijizima kabla hata Windows haijaamka, usikitafute kirusi. Tafuta joto, umeme au RAM.

Je, wajua kuwa kifutio cha penseli ni kifaa cha fundi? Chomoa RAM, sugua taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu, irudishe mpaka ibane.

Je, wajua kuwa Windows imepangwa kujiwasha upya ikikwama, ndiyo maana ile skrini ya buluu hupita kama radi? Ondoa tiki ya mpango huo, skrini itatulia. Ipige picha kwa simu, umpelekee fundi.

Je, wajua kuwa flashi iliyotoka stesheneri ikionyesha njia za mkato badala ya mafolda, mara nyingi mafaili yako hayajapotea, yamefichwa tu? Usibofye. Ichunguze kwanza kwa Defender iliyomo ndani ya Windows.

Je, wajua kuwa kupiga Windows upya kunaweza kufuta kirusi pamoja na picha zote za harusi, lakini hakupunguzi hata punje moja ya vumbi?