Moshi wa Angani, Moshi wa Kifuani

Agosti 2019, dunia nzima ikiulilia msitu wa Amazoni uliokuwa ukiungua, takwimu za setilaiti zilisambaa mitandaoni na kuwashtua wengi. Kwa siku mbili tu, moto uliohesabiwa Angola ulizidi 6,900, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ukazidi 3,300, na Brazili ulikuwa kama 2,100. Kumbe inayoteketea ni Afrika?

Hesabu haikuwa ya uongo. Kilichopotosha ni namna ilivyosomwa. Chombo cha MODIS, kilichomo ndani ya setilaiti za Terra na Aqua, hupima joto linalotoka ardhini, kipande kwa kipande, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban kilomita moja. Kipande kikiwa na joto kuliko ardhi inayokizunguka, ramani hutiwa nukta nyekundu. Shamba linalosafishwa na mkulima wa Katanga kabla ya mvua hupata nukta sawa na msitu wa asili unaoangamia. Na kila kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, nyika na miombo ya kusini mwa Kongo, Angola na Zambia huchomwa: watu huandaa mashamba, huwinda, hutafutia mifugo majani mabichi. Mvua zikirudi, nyasi huota tena.

Lakini nyasi kuota hakuondoi moshi uliokwisha kuingia mapafuni. Ndani yake mna chembe ziitwazo PM2.5, ndogo kiasi kwamba unywele mmoja ni mnene kuzishinda karibu mara 30. Hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikafika kwenye vifuko vya hewa na hata kwenye damu. Pumu huamka, moyo huelemewa. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Je, setilaiti inaweza kutuambia tumevuta kiasi gani? Hapo ndipo pagumu. Inatazama kutoka juu, kwa hiyo hujumlisha kila kilichomo kati yake na ardhi. Moshi mwingi wa ukanda huu husukumwa na upepo hadi Atlantiki, ukaelea juu ya mawingu. Kati ya 2016 na 2018 NASA ilirusha ndege kutoka Namibia, kisha São Tomé, kwenda kuupima hukohuko. Pichani ni pazia zito. Chini yake hewa inaweza kuwa nafuu. Kinyume chake pia hutokea. Alfajiri ya baridi, moshi hulala bondeni bila kupanda, na Terra kwa miaka mingi ilikuwa ikipita mnamo saa nne na nusu asubuhi, watoto wakiwa wameshatembea ndani ya moshi huo hadi shuleni.

Kwa vumbi, setilaiti ina bahati zaidi. Chembe zake ni kubwa, huacha alama katika miale ya joto, hivyo setilaiti ya Meteosat, iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, hulifuatilia usiku na mchana na kulipaka rangi ya waridi. Vumbi la Bodélé nchini Chad, sakafu ya ziwa la kale, huonekana likiinuka na kusafiri. Kwa nchi za Saheli habari hiyo ina uzito, maana msimu wa vumbi ndio pia msimu wa homa ya uti wa mgongo.

Moshi hauna alama hiyo. Unahitaji mashine za kupima hewa ardhini, pale watu wanapopumua, na barani kwetu mashine hizo ni chache mno. Mzazi wa mtoto mwenye pumu Lubumbashi au Kolwezi asisubiri picha. Vilima vya mbali vikififia au harufu ikisikika, mtoto abaki ndani na dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Barakoa ya kitambaa haizichuji chembe hizi vya kutosha. Madirisha yafungwe, na jiko la mkaa litolewe nje kabla hayajafungwa.