Kelele za Kipindi cha Kiingereza: "Soko" la Darasani Linafundisha Nini?

Baadhi ya wazazi huuliza kwa nini mtoto aagizwe kwenda shuleni na pakiti tupu ya unga au boksi la majani ya chai, na kwa nini kipindi cha Kiingereza kisikike hadi barabarani kama mnada. Ni swali la haki, kwani mzazi amempeleka mtoto kusoma. Makala hii inaeleza kinachofanyika katika darasa hilo.

Kiini chake ni namna Kiingereza kinavyohesabu vitu. Majina yanayohesabika, kama yai, kiti na embe, huulizwa kwa "how many". Yasiyohesabika, kama sukari, chumvi na unga, huulizwa kwa "how much". Nasi pia tunatofautisha "mayai mangapi" na "sukari kiasi gani". Tatizo ni kwamba mpaka wa lugha hizi mbili haupiti mahali pamoja. Katika Kiswahili tunasema maji haya na maziwa yale, kwa upatanisho wa wingi, na mtoto anayefasiri neno kwa neno husema "these waters". Nywele zetu ni nyingi, na unywele mmoja huonekana kwenye chakula. Kwa Kiingereza, "hair" ya kichwani haina wingi. Tuna mizigo mitatu na habari mbili, ilhali "luggage" na "news" hazihesabiki, na hiyo "news" humhadaa mwanafunzi zaidi kwa kuwa huishia na herufi "s". Dukani, mchele na maharage hukaa magunia jirani, lakini "beans" zinahesabika na "rice" haihesabiki. Mantiki haitoshi hapa, maana hata punje za mchele zingeweza kuhesabiwa. Kinachosaidia ni mazoea ya kinywa.

Mazoea hayo hayapatikani kwa kunakili ubaoni pekee. Chukua darasa lenye wanafunzi 80 katika kipindi cha dakika 40: mwalimu akimsimamisha mmoja mmoja, kila mtoto anapata nusu dakika ya kusema. Wakigawanywa wawili wawili, nusu ya darasa inazungumza kwa wakati mmoja. Kelele zinatoka hapo.

Katika mchezo wa soko, pakiti tupu hupangwa juu ya madawati. Muuzaji hauzi mpaka aulizwe au ajibiwe sawasawa: "How much flour do you want?" "How many eggs?" Anayekosea hurudi mwisho wa foleni, na watoto hawapendi kurudi mwisho wa foleni. Hapo ndipo wanapokutana na vipimo, ambavyo ndivyo hufanya kisichohesabika kihesabike. Sisi husema mikate miwili na sabuni mbili bila wasiwasi. Kiingereza hudai "two loaves of bread" na "two bars of soap", kama mwenye duka anavyosema miche miwili ya sabuni. (Wenye lugha nao hulegeza: mgahawani mtu huagiza "two coffees", na anaeleweka.)

Upo pia mchezo wa mnyororo. Mtoto wa kwanza anasema amenunua mchele, wa pili anarudia na kuongeza mayai matatu, wa tatu anarudia yote na kuongeza chake, mpaka mmoja asahau. Kwa darasa kubwa, mwalimu hutaja neno na wanafunzi hukimbilia ukuta wa "much" au wa "many", kisha mmoja hutunga sentensi kwa niaba ya ukuta wake.

Ni kweli kwamba mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika kwa kuandika. Lakini katika shule nyingi za umma mtoto husoma kwa Kiswahili hadi Darasa la Saba, kisha Kidato cha Kwanza humkuta baiolojia, jiografia na hisabati kwa Kiingereza. Asiyezoea kufungua kinywa hukaa kimya hata anapokuwa na swali la sayansi.

Hata hivyo, mchezo usio na masahihisho ni mchezo tu. Mzazi anayo haki ya kufungua daftari na kutarajia kukuta sentensi zilizoandikwa baada ya mchezo, pamoja na makosa yaliyosahihishwa. Asipoziona mara kwa mara, amwone mwalimu wa somo au Mwalimu Mkuu. Jambo lisipopata ufumbuzi lifikishwe kwenye Kamati ya Shule, na baadaye kwa Afisa Elimu Kata.

Nyumbani, asiyejua Kiingereza naye anaweza kusaidia. Wakati wa kupika, mwoneshe mtoto chumvi, vitunguu, mafuta, nyanya na unga, umwulize kipi ni cha "much" na kipi ni cha "many". Akisita, mwache akamwulize mwalimu kesho yake. Na pakiti ikiisha, isuuzwe na kukaushwa kabla ya kwenda shuleni. Vyombo vya dawa za kuulia wadudu visipelekwe kabisa.