Kuvaa na Machozi

Ukishuka Digo Road hata ukafika Soko la Mackinnon, hutamsikia mwuzaji akilitaja jina hilo. Wote husema Marikiti. Nalo ni neno la Kiingereza, tulilolipa irabu zetu likawa mwenyeji wa mji. Lakini yako maneno mengine ya Kiingereza ambayo kwetu yangali wageni, na ugeni wao huwatia watu hasara.

Hivi karibuni aliniita bibi mmoja auzaye iliki na bizari hapo sokoni. Alikuwa anahama chumba alichokipanga miaka tisa huko Mji wa Kale, na dalali amekataa kumrudishia dipoziti, ati rangi imepauka na sakafu imelika.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe ni mtu wa magazeti. Nisomee hii karatasi niliyotia sahihi."

Karatasi ilikuwa Kiingereza kitupu. Nami, msomaji wangu, elimu yangu ya mwanzo ni ya chuoni, ya juzuu na ubao. Kiingereza nilikijia baadaye. Nikasoma kwamba mpangaji atakirudisha chumba kama alivyokikuta, isipokuwa "wear and tear". La kwanza nalijua: kuvaa. La pili nalijua: chozi.

"Mama," nikasema kwa yakini, "hapa wanataja kuvaa na machozi. Sioni la kukufaa."

Akacheka kidogo, kisha akarudi kufunga bizari zake bila ya kusema. Alikwisha kata tamaa, na aliyemkatisha ni mimi.

Usiku ule usingizi haukunijia. Asubuhi nikamwendea kijana mmoja, karani wa wakili. Akanifahamisha kuwa maneno hayo mawili yakikaa pamoja hayana nguo wala kilio: maana yake ni uchakavu wa kawaida, kama rangi kupauka kwa jua na sakafu kulika kwa nyayo. Na uchakavu huo, mkataba wasema, si juu ya mpangaji. Kumbe karatasi ile ile ndiyo iliyokuwa ikimtetea!

Akanionyesha na jingine, "quiet enjoyment". Ningelisoma peke yangu ningesema ni starehe ya kimya, au amri ya kutopiga kelele. Sivyo. Ni haki ya mpangaji kukaa nyumbani mwake bila ya kubughudhiwa na mwenye nyumba.

Tukaenda kwa dalali sote watatu. Akakisoma kifungu mara mbili, akatoa pesa. Hazikuwa zote, lakini zilikuwa nyingi.

Lililonikera zaidi ni kuwa karatasi ile iliita baraza "veranda". Nyumba zetu zina daka, mlango unapokutana na njia; zina baraza ya mawe, watu wanapokaa kwa kahawa, na siku ya msiba hupokelewa hapo wenye kutoa pole; zina sebule, ukumbi, ndani na ua. Lugha yenye jina la kila pembe ya nyumba haikupewa hata mstari mmoja katika karatasi ya kuipanga.

Na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi enyi wenye nyumba na madalali, kuna uzito gani kuandika kwa lugha mbili? Nawe mpangaji, usitie sahihi mpaka umesomewa na ajuaye. Tena muulize kama ajua kweli, kwani wako wasomaji kama mimi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bibi yule alikuwa na daftari, na mali yake nusura ipotee.

Sasa amepata chumba Majengo. Juzi aliniletea karatasi mpya kabla hajaitia mkono, akaniuliza jambo moja tu:

"Machozi yamo?"

Nikatazama. Yamo.

"Haya," akasema, "nipe kalamu."