Baada ya Kifafa, Ubongo Hufanya Nini?

Ukiishi huku kwetu kwenye mashamba ya chai, Kericho hadi Bomet, hukosi kusikia habari za mchumaji aliyeanguka kifafa na kikapu mgongoni. Watu hukimbia huku na huku, mmoja akitafuta kijiko cha kumtia mdomoni (hatari kubwa hiyo, jamani!). Aghalabu mtikiso hukoma baada ya dakika mbili tatu. Maneno ndipo yanapoanza. Mgonjwa analala fofofo. Akiamshwa hajui alipo, na pengine mkono mmoja umelegea. "Amelewa huyu," watasema. "Anakwepa kazi tu." Mimi nitaizungumzia saa hiyo.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yetu. Mlafi kweli! Chakula chake kikuu ni sukari iitwayo glukosi, inayoletwa na damu. Kifafa kinapoanza, seli chungu nzima hutoa umeme kwa mpigo mmoja, mfano wa wachumaji wote kuvamia mizani kwa pamoja. Sukari huteketea upesi na asidi ya laktiki hurundikana.

Je, baadaye? Daktari Robert Todd wa London aliandika mwaka 1849 kuhusu viungo vinavyolegea baada ya kifafa, lakini hakuweza kuchungulia ndani ya fuvu la mtu aliye hai. Leo yawezekana, tena bila kisu wala sindano. Aina moja ya picha za MRI hutumia sumaku kuyatia alama maji yaliyomo katika damu yenyewe, kisha huonyesha damu hiyo inafika wapi. Watafiti wa Calgary, Kanada, waliwapiga wagonjwa picha hizo kabla ya dakika 90 kupita tangu kifafa kukoma. Matokeo yao ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba kwa wengi wao damu ilikuwa imepungua katika sehemu fulani za ubongo. Mwaka mmoja kabla, katika panya, wenzao walikuwa wamepima oksijeni ikishuka kwa zaidi ya saa nzima. Kumbe mtikiso umekwisha, lakini ubongo bado una njaa! Mtu wa namna hiyo utamwambiaje ainuke akachume?

Skani ya PET, inayoonyesha jinsi sukari inavyotumika, ilifika Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, mwaka 2018. Hasa huhudumia wagonjwa wa saratani. Ni mbali, na ni ghali. Hata hivyo, daktari wa Kericho au wa Tenwek haanzi na mashine. Huanza kwa kumuuliza aliyeshuhudia: mtikiso ulianzia mkono upi? Ulidumu muda gani? Baadaye, upande upi ulilegea? Majibu hayo humdokezea kifafa kilianzia sehemu gani ya ubongo.

Kwa hiyo tazama saa yako. Mtikiso ukipita dakika 5, tafuta gari la hospitali. Ukikoma, mlaze kwa ubavu, legeza kamba ya kikapu, ukae naye mpaka aweze kukutajia jina lake.